Charles Town: bandari iliyouza wenyeji na kununua Waafrika

Historia ya mwanzo ya Marekani huwa inasimuliwa kwa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni wenyeji asilia walionyang'anywa ardhi, la pili ni Waafrika walioletwa kuilima. Sisi tunaofundisha somo hili tumechangia kuyatenganisha, kwa kuyapa sura mbili za kitabu na vipindi viwili vya darasa. Ukiingia katika habari za koloni la Carolina, unakuta biashara moja, wafanyabiashara walewale na gati lilelile.

Charles Town, bandari ya koloni hilo na Charleston ya leo, ilianzishwa na Waingereza mwaka 1670. Walowezi wake wengi wa mwanzo walitoka kisiwa cha Barbados, ambako mashamba ya miwa tayari yaliendeshwa kwa utumwa. Walikuja na watumwa wa Kiafrika, lakini kuongeza wengine kulihitaji mtaji, na koloni halikuwa bado na zao la maana la kuuza nje. Walichoweza kupata haraka ni ngozi za kulungu, na watu.

Walowezi hawakuhitaji kuingia porini kila mara wenyewe. Mfanyabiashara alitoa bunduki, baruti na vitambaa kwa mkopo, na deni likalipwa kwa ngozi au kwa mateka. Jamii iliyopata bunduki ikawavamia majirani wasio nazo, na hao nao wakazitafuta kwa udi na uvumba ili wasiwe windo. Mwaka 1708 Thomas Nairne, wakala wa Carolina kwa wenyeji, aliandika bei ya mateka mmoja miongoni mwa Wachickasaw: bunduki, risasi na baruti, farasi, shoka na nguo za kuvaa. Kwa kuwinda kulungu, mali hiyo ingemchukua mtu muda mrefu wa kutaabika.

Urafiki na koloni haukumlinda mtu. Wawesto, jamii ya wenyeji, walikuwa wawindaji wakuu wa watumwa kwa ajili ya Carolina. Kufikia miaka ya mwanzo ya 1680 walikuwa wamepigwa na kutawanywa, na waliotekwa wakauzwa. Mwaka 1704 James Moore, aliyewahi kuwa gavana, aliongoza walowezi wachache na mamia ya wapiganaji wenyeji hadi Florida, wakaziangamiza misheni za Kihispania za Waapalachee. Ndui nayo, iliyoenea kusini-mashariki kati ya 1696 na 1700, ilisafiri katika njia zilezile za misafara ya mateka.

Wanahistoria wanakadiria kwamba kati ya 1670 na 1715 wenyeji waliofanywa watumwa katika biashara ya Waingereza huko kusini walikuwa 24,000 hadi 51,000. Wengi walipakiwa melini kwenda visiwa vya Karibi au makoloni ya kaskazini. Sababu ilikuwa ya kikatili na ya kihesabu: mtu aliye karibu na kwao anajua njia ya kutorokea. Massachusetts iliwaogopa kiasi kwamba mwaka 1712 ilipiga marufuku kuingizwa kwao.

Faida ya biashara hiyo ilisaidia kununua Waafrika. Hesabu ya koloni ya mwaka 1708 inaonyesha watumwa wa Kiafrika 4,100 na wenyeji watumwa 1,400, huku Wazungu wakiwa 4,080. Kati ya wenyeji hao, wanawake walikuwa 600 na wanaume 500. Waliobaki ni watoto.

Wayamasee, washirika wa koloni kwa miaka mingi, walizama katika madeni, na waliona wake na watoto wao wakikamatwa kufidia. Alfajiri ya Ijumaa Kuu, 15 Aprili 1715, waliwaua wajumbe wa Carolina waliokuwa wamelala katika mji wao wa Pocotaligo. Nairne alikuwa mmoja wao. Vita iliyofuata nusura iling'oe koloni zima. Baada yake biashara ya mateka wenyeji ilididimia, Wayamasee wengi wakahamia Florida, na mashamba ya mpunga yakapanuka katika eneo waliloliacha, kwa jasho la Waafrika.

Katika vita hiyo kulikuwa na Waafrika waliopigana upande wa Wayamasee. Mmoja ni Francisco Menéndez, Mmandinka wa Afrika Magharibi aliyetoroka utumwa Carolina. Alifika St. Augustine, mji wa Wahispania, akafanywa mtumwa tena huko, na akaendelea kudai haki yake hadi gavana Manuel de Montiano alipotambua uhuru wake na wa wenzake mwaka 1738. Wakapewa mahali pa kujenga ngome na makazi yao, Fort Mose, na Menéndez akawa nahodha wa wanamgambo wake. Mwaka 1740 walishiriki kuikomboa kutoka kwa Waingereza walioiteka. Florida ilipokabidhiwa kwa Uingereza mwaka 1763, watu wa Mose walihamia Cuba, na pamoja na Wahispania waliondoka pia wenyeji asilia wachache waliokuwa wamesalia kuzunguka mji. Eneo la Fort Mose sasa ni hifadhi ya kihistoria ya jimbo, kaskazini kidogo mwa St. Augustine. Wasomaji wetu mnaoishi Florida mnaweza kulitembelea na watoto.