Poda ya maua ya sukari: "haina sumu" si sawa na "inaliwa"

Harusi za Kampala siku hizi haziwekewi keki moja tu. Stendi hubeba keki ya maharusi, za wazazi wa pande zote mbili na za wasimamizi, na juu yake hukaa waridi za sukari zilizofinyangwa kwa mkono, petali moja moja. Wapambaji wetu wanazidi kuwa hodari. Ila kuhusu poda za kupaka rangi maua hayo, kuna maneno yanayopokezanwa katika mafunzo ya keki bila mtu kuyapima, na baadhi yake ni ya hatari kwa watoto.

"Kichupa kimeandikwa haina sumu, kwa hiyo inaliwa"

Hili ndilo kubwa kuliko yote. Chaki na gundi za wanafunzi nazo huandikwa kuwa hazina sumu, na hakuna anayezitia kwenye chakula. Maneno hayo maana yake ni kwamba mtu akigusa au kulamba kidogo kwa bahati mbaya hatarajiwi kudhurika. Hayasemi kwamba kitu hicho ni chakula. Maneno "kwa mapambo tu" nayo yako hivyo hivyo. Poda ya kuliwa husema wazi kwamba inaliwa na huorodhesha viambato vyake, na huko Marekani sheria inadai orodha hiyo iwepo. Kichupa kisicho na orodha ya viambato, au kilichopakuliwa upya kutoka mfuko mkubwa na kubandikwa jina la rangi peke yake, mimi sikitumii kwenye kitu cha kuliwa hata kiwe na mng'ao gani.

"Tumetumia miaka yote na hajaugua mtu"

Umejuaje? Mwaka 2018, katika jimbo la Rhode Island, Marekani, watoto sita walitapika na kuharisha baada ya kula keki ya siku ya kuzaliwa iliyopakwa poda nene ya kung'aa. Ilipopimwa, poda hiyo ilikutwa ni shaba iliyosagwa. Hao angalau walionekana kuumwa. Mwaka 2019, Missouri, mtoto wa mwaka mmoja aligunduliwa kwa kipimo cha damu kuwa na madini ya risasi, na poda ya manjano ya kupamba keki ilikutwa na risasi robo nzima ya uzito wake. Risasi haimwangushi mtoto palepale pale ukumbini. Huingia kimya na kuathiri ubongo unaokua, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Kwa hiyo kutosikia malalamiko kutoka kwa wateja si ushahidi wa lolote.

"Ua ni pambo, halitaliwa"

Nani atamzuia mtoto wa miaka minne aliyesimama mbele ya stendi? Hata ua lisipoliwa, poda yake hudondoka juu ya aisingi, na aisingi inaliwa. Unaponitajia poda isiyoliwa kwa sababu ni ya bei rahisi, kumbuka kwamba waridi moja hutumia poda kidogo sana, kile kinachoshika kwenye ncha ya brashi. Tofauti ya gharama kwa keki nzima ni ndogo mno kulinganisha na kinachowekwa hatarini.

"Ukitaka nyekundu iliyokolea, paka poda nyingi"

Poda nyingi juu ya petali nyeupe hutoa waridi la pinki lenye mabakamabaka. Rangi ya kina huanzia ndani: kanda donge la sukari na rangi ya chakula kwanza, lifikie karibu na wekundu unaoutaka, finyanga, acha likauke, ndipo poda ije kuongeza kivuli. Kazi ya poda ni kutofautisha sehemu na sehemu.

Na hapa ndipo ninapowaomba wenzangu watazame ua lenyewe. Mashamba ya waridi za kuuza nje yako upande wa Entebbe na kando ya ziwa, hatuna kisingizio cha kuiga picha ya simu. Shika waridi halisi ulibandue: kitako cha petali kimepauka, mara nyingi kina umanjano au ukijani, na ukingo ndio uliokolea. Basi brashi bapa iguse ukingo ikielekea ndani, na brashi ndogo ya mviringo ipeleke kijani kidogo kwenye kitako. Gonga brashi kwenye karatasi ya jikoni kwanza, kwa sababu doa la poda likishatua halifutiki vizuri. Rangi ikiwa kali mno, ipunguze kwa konfulawa. Poda nyeupe nayo hupunguza, lakini huacha sura ya chaki.

"Mvuke utayeyusha ua"

Ukiliacha hapo, ndiyo. Ukilipitisha juu ya mvuke wa birika sekunde chache tu, poda hushika, ule uvumbivumbi huondoka na rangi hukolea. Liache likauke kabisa kabla ya kuligusa.

"Poda ikorogwe na maji ukitaka kuchora mishipa"

Maji huyeyusha sukari, petali ikalegea na kuacha alama. Wengi hutumia vodka au waragi ya kiwandani, kwa kuwa kileo huruka upesi kabla hakijaila sukari. Kwa familia isiyotaka kileo, usidhani arki ya limau (ile ladha ya kichupa) ni njia ya kukwepa: arki halisi yenyewe kwa sehemu kubwa ni kileo, na baadhi ya zile za bei nafuu zina propileni glaikoli, kimiminika ambacho hakikauki haraka. Chora kwa poda kavu na brashi nyembamba, kisha malizia kwa mvuke.

"Friji huhifadhi rangi"

Ua likitoka kwenye friji hutoka jasho, na poda hutiririka nalo. Kwa unyevu wa Kampala na Entebbe, hasa mvua za Machi hadi Mei, sanduku la karatasi lenye vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu, mahali pakavu, ndilo kimbilio. Liwe na giza pia: pinki, zambarau na buluu hupauka juani, kwa hiyo keki ya harusi ya nje ipangwe ndani kabisa ya hema, si kwenye ukingo unaopigwa na jua la saa nane.