Mashua ya kuvutwa kwa trela: yanayosemwa na yalivyo

Nimekulia Pangani, kwenye nyumba ya watu wa mashua. Leo naishi Columbus, Ohio, mji usio na bahari, na uani kwangu imekaa juu ya trela Catalina 22: mashua ya tanga ya mita 6 na nusu, yenye chumba cha chini ambamo watu wanne wakibanana wanalala. Kila kiangazi naivuta zaidi ya kilomita 170 hadi Sandusky, kwenye Ziwa Erie. Nimeyasikia mengi juu ya vyombo hivi, kazini, msikitini na kwenye simu za nyumbani. Baadhi hayadhuru mtu. Mengine yameua.

La kwanza, kwamba ni mchezo wa matajiri. Catalina 22 zimeundwa zaidi ya 15,000, na faibaglasi haiozi kama mbao, kwa hiyo za miaka ya 1970 bado ziko sokoni. Yangu ni ya 1978, na niliipata pamoja na trela yake kwa pesa ambayo hapa hainunui gari la mtumba la maana. Kwa kuwa inalala nyumbani, silipi ada ya gati.

"Kitapinduka hicho!" Hofu hiyo naielewa kwa aliyezoea ngalawa, ambayo bila mrengu, ule mti wa pembeni, haisimami. Catalina yangu haina mrengu. Ina mkuku, yaani uti wa chini ya mashua, wa chuma wa kilo 250 hivi, unaoshuka hadi mita 1.5 chini ya maji. Upepo ukiisukuma mashua hulala upande, na kadiri inavyolala ndivyo uzito ule unavyozidi kuirudisha. Mjomba wangu, nahodha wa zamani, nilipomweleza kwa simu alinyamaza kidogo.

"Mkuku unapanda na kushuka?"

"Ndiyo, mjomba. Kuna winchi chini ya ngazi ya chumbani. Nazungusha mpini, waya unaushusha."

"Na waya ukikatika?"

Hilo ndilo swali lenyewe, na wauzaji wengi hawaulizwi. Waya ukikatika, chuma chote kile hujitupa chini kwa kishindo na kinaweza kupasua mwili wa mashua. Kila mwaka kabla ya safari ya kwanza naupitisha waya wote kwenye kitambaa kikuukuu. Uzi mmoja tu ukiwa umekatika, kitambaa kinanasa, nami nabadilisha waya siku hiyohiyo. Pini inayoubeba mkuku naikagua vilevile.

Kuna boti nyingine za trela ambazo farumi yake, yaani uzito wa kuzituliza, ni maji: tangi la chini hujazwa chombo kikiwa ziwani, humwagwa kikipandishwa kwenye trela. Wapo wanaodhani tangi tupu halina neno mradi matanga hayajapandishwa. Tarehe 4 Julai 2002, kwenye Ziwa Champlain, boti ya aina hii ya futi 26 ilipinduka ikiwa imepakia watu kupita kiasi na tangi bila maji ya kutosha. Watoto wawili walikufa. Kila ninapomwona mtu anashusha boti ya namna hiyo, namuuliza kuhusu tangi, hata kama hanijui.

Wapo pia wanaoamini kwamba chombo kidogo hufuata tu upepo unakokwenda. Dau la mnyonge haliendi joshi, yaani halipandi kuelekea upepo unakotoka, walisema wazee. Mashua hii, kwa matanga mawili ya pembetatu na mkuku ukiwa chini kabisa, huenda joshi kwa nyuzi 45 hivi kutoka upepo unakotoka, ikibisha kulia na kushoto. Ukisahau kuushusha mkuku ndipo methali inapotimia: unateleza ubavu ubavu hadi ufukweni.

Ila dhana inayonisumbua kuliko zote ni ile ya kuona kwamba hatari iko majini tu, na nchi kavu ni kazi ya kubeba mizigo. Mashua peke yake ina tani moja. Ongeza trela, injini, mafuta na vyakula, unavuta tani moja na nusu. Mwaka wangu wa kwanza, karibu na mji wa Marion, niliona moshi kwenye kioo cha pembeni. Beringi ya gurudumu la kushoto ilikuwa imeungua, na ingebaki kilomita chache tu gurudumu lingechomoka. Kosa lilikuwa langu. Safari iliyotangulia nilifika ziwani nikaishusha trela majini papo hapo, habu, yaani vitovu vya magurudumu, zikiwa bado moto. Maji baridi huifanya hewa iliyo ndani ya habu isinyae, nayo huvuta maji kupitia sili. Grisi inaharibika, kutu inaanza. Siku hizi nikifika naweka kiganja kwenye kila habu. Ikiwa moto, tunakula kwanza.

Kisha mlingoti. Ni alumini, zaidi ya mita 7, na umeme haubagui. Nyaya zinazopita juu ya maegesho zimeshaua wenye boti waliokuwa wanasukuma trela wakiangalia chini. Kabla ya kuusimamisha natembea njia nzima hadi ukingoni nikitazama juu. Na zile dakika 15 za kuandaa mashua zinazotajwa kwenye matangazo ya kuuza, mimi na mke wangu hutumia saa moja na nusu.

Kwa anayedhani ziwa ni dimbwi: upande wa magharibi wa Ziwa Erie una kina cha wastani kisichozidi mita 8, na ndiyo sababu mawimbi yake ni mafupi, yamesimama wima, yanafuatana bila kukupa nafasi. Kwetu kaskazi na kusi huja kwa miezi. Hapa ngurumo ya alasiri hugeuza upepo kabla hujamaliza kupunguza tanga.

Udogo wenyewe haukizuii chombo kwenda mbali. Mwaka 1965 Robert Manry, mhariri wa gazeti la Cleveland, alivuka Atlantiki peke yake kwa siku 78 ndani ya Tinkerbelle, mashua ya futi 13 na nusu. Mawimbi yalimtupa nje zaidi ya mara moja. Alirudi ndani kwa sababu alikuwa amejifunga kamba.

"Mimi mwogeleaji, jaketi la kuokolea la nini?" Hili nalisikia hasa kwa vijana wa pwani. Ripoti za Walinzi wa Pwani wa Marekani, mwaka baada ya mwaka, zinaonyesha kwamba wengi wa wanaokufa kwenye ajali za boti huzama, na wengi mno wa waliozama hawakuvaa jaketi. Mwezi Mei maji ya Erie bado ni baridi ya kukukata pumzi kabla mkono haujakata maji mara ya kwanza. Sheria ya taifa, pale ambapo jimbo halina yake, inawataka watoto walio chini ya miaka 13 wavae jaketi wakati chombo kinakwenda, wasipokuwa ndani ya chumba. Binti yangu ana miaka 9. La kwake ni la rangi ya chungwa, na tunafunga vifungo vyake vyote vitatu pale juu kwenye mteremko wa kushushia boti, trela ikiwa bado kavu.