Taiming belti ikikatika, si lazima injini iwe imekufa

Ukiwauliza watu, wengi watakwambia: belti ikikatika, tafuta injini nyingine. Si kweli kwa kila gari. Belti huunganisha krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) na kamshafti (shafti inayofungua valvu, yaani milango ya kuingiza hewa na kutoa moshi). Ikikatika, kamshafti husimama, baadhi ya valvu zikabaki wazi, huku pistoni zikiendelea kupanda na kushuka kwa mwendo uliobaki. Katika baadhi ya injini, pistoni hata ikifika juu kabisa haizifikii valvu. Hapo unafunga belti mpya, unalinganisha alama za krenki na kamshafti, basi. Kwenye nyingine (za dizeli karibu zote) hugongana, valvu zikapinda. Hata hivyo, mara nyingi ni kufungua hedi (sehemu ya juu ya injini, zilipo valvu) tu. Ila usipige stata “kujaribu”! Funga belti, zungusha krenki mizunguko miwili kwa spana, taratibu, kisha pima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) ujue kama valvu zimepinda.