"Kelele za barabarani nimeshazoea": maswali na majibu

Barabara yenyewe inahusikaje na kelele, si ni injini na honi?
Injini ipo, ila gari dogo likishafika kama kilomita 50 kwa saa unachosikia zaidi ni tairi ikisuguana na barabara. Walichomwaga pale chini ndo kinaamua unasikia nini kitandani.

Ipi inasumbua zaidi?
Mawe na vitofali, gari ikipita ni gogogogo, na zege lililochorwa mistari linalia kama nyuki. Sauti ya kugonga au kulia inakera kuliko mvumo wa kawaida hata kipimo kikiwa kilekile. Lami yenye vitundu inameza sauti, ikiwa mpya inapunguza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 hadi 5 hivi, alafu vitundu vinaziba na uchafu mnarudi palepale.

Mi naishi kando ya barabara miaka mingi, nimeshazoea.
Hujazoea. Hili nalisikia kila wiki, mtu kakaa mbele yangu macho mekundu, mashine ya presha inasoma 170 kwa 100, anapiga miayo hata sijamaliza kuongea, ukimuuliza usingizi anasema yuko poa tu kelele kashazoea. Ulichozoea ni kutolalamika. Sikio halina kope la kufunga, lori likipita usiku mapigo ya moyo yanapanda na homoni za stresi zinapanda, we hujui maana hukuamka. Sisemi kelele peke yake ndo inaleta presha, ila inachangia, na WHO, Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2018 kwa nchi za Ulaya ilishauri kelele za magari usiku zikae chini ya desibeli 45.

Lakini mbona nalala fofofo?
HUJAZOEA, narudia. Fofofo gani hiyo unaamka umechoka kuliko ulivyolala?

Nikivaa hedifoni nifunike kelele na mziki?
Jamani hapana, huko ni kuzima moto kwa petroli. Ili ufunike mngurumo lazima upandishe sauti, na hiyo sauti inaingia sikioni usiku mzima. Tafuta vizibo laini vya masikio, hamishia kitanda chumba cha upande wa pili kama kipo. Vidonge vya usingizi vya kujinunulia usiguse.

Nije lini hospitali?
Ukiamka umechoka wiki kadhaa mfululizo, au masikio yanavuma hata pakiwa kimya. Presha pima hata kama hujisikii chochote, haiumi ile. Na usije ukaniambia unasubiri kwanza waweke lami mpya.