Sababu za Rufani: Maana Yake na Masharti ya Kuziandika

Sababu ya rufani ni dai fupi linaloonyesha kosa alilofanya jaji au hakimu katika uamuzi unaolalamikiwa. Kushindwa kesi peke yake si sababu, na uchungu wa aliyeshindwa, hata ukiwa wa haki, haumwonyeshi jaji wa juu pa kutazama.

Masharti ya uandishi wake yanafanana sana katika nchi zilizorithi utaratibu wa Kiingereza. Sheria ya Mwenendo wa Madai ya India ya 1908, katika Amri ya 41 (fungu mojawapo la kanuni zake), inataka hati ya rufani itaje sababu kwa ufupi, kila moja peke yake, kwa namba zinazofuatana, bila hoja wala masimulizi. Sharti hilo limo pia katika Amri ya 39 ya sheria kama hiyo ya Tanzania na Amri ya 42 ya kanuni za mwenendo wa madai za Kenya.

Hapo kwenye “bila hoja wala masimulizi” ndipo wengi wanapokwama. Mrufani, yaani anayekata rufani, anaandika: “Mahakama haikunitendea haki, maana nilileta risiti zote, shahidi wa mdai alijikanganya, na kiwanja chenyewe nilikilipia mbele ya watu.” Kisa kimo na ubishi umo, ila kosa la mahakama halionekani. Iandikwe hivi: “Hakimu alikosea kisheria kwa kukataa kupokea risiti za malipo ya kiwanja bila kueleza kwa nini amezikataa.” Sasa mjibu rufani, yaani upande wa pili, anajua ajibu nini, na jaji anajua afungue ukurasa upi wa mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu za kesi ya chini. Kwa nini kukataa huko kulikuwa kosa, na ni kesi zipi zilizopita zinazounga mkono, hayo husubiri siku ya kusikilizwa.

Kuna pia sababu ya jumla mno: “Hakimu alikosea katika sheria na katika mambo ya ukweli kwa kumpa mdai ushindi.” Inasikika kiwakili, lakini ndani ni tupu, na mahakama inaweza kuitupa. Wengine hutawanya kosa moja katika sababu kumi. Mimi naona hilo huificha hata ile sababu moja yenye nguvu.

Ngazi ya rufani nayo ina uzito. Katika rufani ya kwanza mahakama huweza kupima upya ushahidi, hivyo sababu za sheria na za ukweli, yaani za mambo yaliyotokea, zote zina nafasi. Rufani ya pili kwa kawaida hubanwa kwenye sheria tu, na hapo maneno huamua mengi: kulalamika kwamba hakimu alimwamini shahidi fulani ni jambo la ukweli, ilhali kulalamika kwamba alifikia uamuzi bila ushahidi wowote ni jambo la sheria.

Jambo ambalo halikuguswa katika mahakama ya chini huwa halipokelewi juu, isipokuwa suala la sheria tupu, kama vile mahakama kutokuwa na mamlaka ya kusikiliza kesi. Na sababu isiyomo kwenye hati haibishaniwi bila kibali cha mahakama. Mahakama yenyewe haifungwi na orodha ya mrufani: inaweza kuamua kwa sababu nyingine, mradi upande utakaoguswa umepewa nafasi ya kutosha kuijibu.