Dawa ya magugu "kunaswa" udongoni: maana yake

Chukua shamba la mahindi upande wa Hombolo, Dodoma, ambako msimu uliopita yalimwagwa maranda ya banda la kuku. Wiki tatu baada ya kupuliza dawa ya kuzuia magugu yasiote, kwenye mchanga mtupu pako safi. Penye maranda mbigili imetambaa kana kwamba bomba halikupita. Mkulima atasema ameuziwa dawa feki. Mara nyingi dawa ni nzima, ila imenaswa.

Kunaswa ni chembe za dawa kujishikiza kwenye vitu vigumu vya udongo badala ya kubaki katika maji yaliyo kati ya punje zake. Gugu linaloota hunywa yale maji, halili maranda, kwa hiyo dawa iliyoshikwa hailifikii. Atrazini, inayotumika sana kwenye mahindi, haiyeyuki sana: lita moja ya maji huchukua miligramu 33 hivi tu. Ikikuta kaboni ya mbao, huigandamia.

Tazama hesabu. Kwenye udongo wenye kaboni (itokanayo na mabaki ya mimea na mbao) asilimia 0.5, kilo moja hushika takriban nusu ya dawa iliyomo katika lita moja ya maji yake. Kaboni ikifika asilimia 2, kilo hiyohiyo hushika mara mbili ya iliyomo majini. Nguvu ya kunasa imepanda mara nne. Michanga yetu ya Dodoma ina kaboni kidogo sana, ndiyo maana toroli chache za maranda huonekana haraka. Vumbi la mkaa hunasa zaidi.

Hapa pana faida ninayoithamini mno. Mji wetu unakunywa maji ya visima vya Makutupora, na dawa iliyonaswa juu haishuki kirahisi na mvua za Desemba. Lakini si dawa zote: 2,4-D hushikwa kidogo, na glaifosati hunaswa zaidi na mfinyanzi na madini ya chuma kuliko maranda.

Tafadhali usiongeze dozi. Kunaswa si kuharibika. Dawa inaweza kuachiliwa polepole, na alizeti utakayopanda baadaye ikaungua. (Maranda mabichi pia hunyang'anya mahindi naitrojeni, yakawa ya njano.) Palipo na maranda, shika jembe upalilie.