Kurasa Nne Kabla ya Mwisho: Mahojiano ya Dennis Potter

Kila mwaka, miembe ya hapa Tabora inapochanua, huwa ninawaonyesha wanafunzi wangu wa uandishi wa tamthilia mahojiano ambayo Dennis Potter, mwandishi wa runinga wa Uingereza, alifanyiwa na mtangazaji Melvyn Bragg mwezi Machi 1994, yakarushwa na kituo cha runinga cha Channel 4 tarehe 5 Aprili. Tarehe 14 Februari mwaka huo Potter alikuwa ameambiwa kwamba ana saratani ya kongosho isiyoponyeka. Alifariki tarehe 7 Juni akiwa na miaka 59, siku tisa baada ya kufiwa na mkewe Margaret, aliyemtangulia tarehe 29 Mei.

Ninawaomba wanafunzi waitazame mikono yake kwanza. Vidole vimejikunja kwa ugonjwa wa ngozi na viungo uliomshika tangu akiwa kijana, lakini vinashika sigara, na baadaye vinashika kichupa cha morfini ya maji anachokinywa mbele ya kamera bila kukificha, kisha anaendelea na sentensi yake. Ugonjwa huohuo alimpa Philip Marlow, mhusika mkuu wa tamthilia yake ya runinga The Singing Detective ya 1986, aliyeigizwa na Michael Gambon akiwa amelazwa hospitalini huku ngozi yake yote ikibabuka.

Katika tamthilia hiyo, na katika Pennies from Heaven ya 1978, wahusika hufungua vinywa katikati ya maongezi ya kawaida na ikatoka sauti ya mwimbaji wa santuri ya zamani, kwa mtindo ambao sisi tungeuita pleibeki. Potter, mtoto wa mchimba makaa ya mawe kutoka Forest of Dean, eneo la magharibi mwa Uingereza, alijua kwamba nyimbo zinazodharauliwa na wasomi hubeba matamanio ambayo watu wanyonge hawana maneno yake. Mwanafunzi wangu mmoja alilielewa jambo hili kuliko nilivyolifundisha: aliandika onyesho la mama anayesugua sufuria uani, mara kinywani mwake ikatoka sauti ya mwimbaji wa Tabora Jazz, na mumewe akasimama mlangoni asijue pa kuangalia.

Watu wengi wanayakumbuka mahojiano yale kwa ajili ya maua. Potter anaeleza kwamba mti wa plamu ulio chini ya dirisha lake umechanua, naye anayaona maua hayo kuwa meupe kupita maua yote yaliyowahi kuwapo, kwa kuwa sasa anaishi katika wakati uliopo tu. Ni maneno mazuri, na ukiyasikia huku harufu ya maua ya mwembe inaingia dirishani yanakugusa. Hata hivyo, mimi naona kwamba tukiishia hapo tunamgeuza kuwa mzee anayeaga, ilhali alikuwa mtu aliye kazini. Anaeleza jinsi anavyoamka alfajiri na kutimiza kila siku idadi ya kurasa aliyojipangia katikati ya maumivu, ili amalize tamthilia mbili, na kwamba majuto yake pekee yatakuwa kufa kurasa nne kabla ya mwisho. Kisha, mbele ya watazamaji, anaomba BBC na Channel 4, vituo vilivyokuwa vikishindana, vizionyeshe kwa pamoja. Kwangu mimi, maua na kurasa ni jambo moja: mtu aliyehesabu siku zake aliuona mti vizuri kwa sababu alikuwa ameketi mezani karibu na dirisha, akiandika.

Anapochoka anasema basi, anaomba tena ile dawa, na anashukuru kwa kupewa nafasi ya kusema maneno yake ya mwisho.

Miswada yote miwili aliimaliza. Vituo hivyo viwili vilikubali ombi lake, na mwaka 1996 vikaonyesha Karaoke na Cold Lazarus. Albert Finney aliigiza Daniel Feeld, mwandishi anayekaribia kufa katika tamthilia ya kwanza, na ambaye katika ya pili kichwa chake kilichogandishwa kwa baridi kali kinaamshwa karne nne baadaye, ili kumbukumbu zake zitazamwe kwenye skrini.